UZI: Namna ya kusoma shimo la udongo Dodoma, kutoka mbuga nyeusi hadi mwamba

#1 Mteremko

Wakuu, salaam. Kila mvua za Desemba zinapoanza Dodoma, maswali yanayoletwa humu hufanana: ukuta umepasuka kuanzia kona ya dirisha, sakafu imenyanyuka katikati, miche ya zabibu imedumaa, kisima kimetoa maji ya chumvi. Watu huyauliza kama mambo manne yasiyojuana. Kwangu mimi jibu la yote manne huanzia mahali pamoja: kiwanja au shamba lako limekaa wapi kwenye mteremko? Nafungua uzi huu tuelekezane namna ya kuchimba shimo la uchunguzi, kulisoma tabaka kwa tabaka, na kujua lini upeleke sampuli maabara.

Nianze na mwamba, maana ndiye mzazi. Chini ya sehemu kubwa ya Dodoma kuna granaiti na ndugu zake, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yale majabali yaliyobebana juu ya vilima vya mjini ni granaiti hiyo hiyo, imebaki wima baada ya udongo uliokuwa pembeni yake kuoshwa. Granaiti ina vitu vitatu vikubwa: kwatzi, feldispa na maika. Kwatzi haiozi, ndiyo mchanga unaoukanyaga korongoni. Feldispa huoza na kuwa udongo wa mfinyanzi, na hapa ndipo mambo yanapogawanyika. Juu ya mteremko maji hupita na kuondoka na kalisiamu na magnesiamu, kwa hiyo feldispa huishia kuwa kaolini, mfinyanzi mpole usiovimba. Chini bondeni maji yanatuama, madini yale yaliyooshwa juu yanarundikana, na mfinyanzi unaojengeka ni smektaiti. Huu hunyonya maji katikati ya vitabaka vyake na kuvimba, kisha husinyaa kiangazi na kupasuka. Ndiyo mbuga yetu nyeusi.

Rangi nazo hufuata mteremko. Juu, chuma kinapata hewa: udongo mwekundu. Katikati, chuma kinakaa na unyevu zaidi: rangi ya manjano au ya kahawia iliyofifia, mara nyingi kichanga. Bondeni: kijivu na mweusi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa akifanya kazi kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliupa mpangilio huu jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936 alizunguka sehemu nyingi za Tanganyika akiangalia udongo, na leo dhana yake hufundishwa vyuoni dunia nzima. Imezaliwa kwenye miteremko yetu hii.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza: usichimbe shimo moja ukadhani umekijua kiwanja. Chimba moja kona ya juu na moja kona ya chini, kisha toboa kwa auga (keekee la udongo) sehemu tatu za katikati. Hata kiwanja cha mita 25 kwa 30 kinaweza kuanzia kwenye udongo mwekundu na kuishia kwenye mbuga.

Vipimo vya shimo: upana mita 1, urefu mita 2, kina mita 1.5 hadi 2. Upande mmoja acha ngazi za kushukia, upande wa pili ndio uso wa kusoma, uelekee jua la saa hiyo ili kivuli kisikudanganye rangi. Usikanyage wala usimwage udongo juu ya uso huo. Udongo wa juu weka lundo lake, wa chini lundo lake, ili ukifukia urudi kwa mpangilio. Vifaa ni sululu, beleshi, mtaimbo kwa tabaka gumu, kisu, futi kamba, chupa ya maji na mifuko.

Shimo la kina cha mita 1.5 hutoa mita za ujazo 3, yaani karibu tani 5. Kina kikizidi mita 1.2 asishuke mtu peke yake. Mbuga kavu imekatwakatwa na nyufa tayari, ukuta wa shimo huanguka kwa mapande mazima bila dalili. Lundo likae angalau mita 1 kutoka ukingoni, na usiku shimo lifunikwe.

#2 Fundi Lenta

Mkuu Mteremko, hapo kwenye msimu ungewekea mkazo. Kwa msingi wa nyumba chimba Septemba hadi Novemba. Nyufa zinakuwa wazi na unaweza kupima zinashuka hadi wapi: ingiza waya mwembamba wa kufungia nondo, usilazimishe, kisha upime. Ukichimba Machi nyufa zimeshafumba, utaona udongo mweusi uliotulia na utajidanganya.

Swali nalopata sana kwa wateja: udongo wa juu ni mwekundu, je niko salama?

#3 Mteremko

Asante kaka, nyongeza nzuri. Kuhusu udongo mwekundu wa juu: hapana, si uthibitisho. Miteremko ya Dodoma imemomonyoka sana na udongo mwekundu wa juu umeshuka na kulala juu ya mbuga. Ukikwangua unakuta sentimita 30 au 40 za udongo mwekundu, chini yake mweusi wenye nyufa. Msingi wa kina cha kawaida unatua hapo hapo kwenye mpaka, mahali pabaya kuliko pote. Dalili ya udongo uliohama ni mpaka uliokatika ghafla kati ya rangi mbili, na mara nyingi mstari wa vijiwe vya kwatzi mpakani. Udongo uliozaliwa mahali pake hubadilika polepole.

#4 Dada Mpima

Niendelee na usomaji wenyewe, maana wengi wakishachimba hubaki wanalitazama shimo.

Kwanza safisha uso kwa kisu kuanzia juu kwenda chini, ukibandua magamba badala ya kupaka. Beleshi huacha ngozi laini inayoficha kila kitu. Ning'iniza futi kamba na upige picha kabla hujagusa zaidi. Kisha choma kisu kila sentimita 10. Mahali ugumu unapobadilika, rangi inapobadilika, au mizizi inapokoma, chomeka kijiti. Hiyo ndiyo mipaka ya matabaka.

Rangi isomwe udongo ukiwa na unyevu, la sivyo kila mtu atakuja na rangi yake. Lowanisha donge hadi liache kubadilika, kisha linganisha na kitabu cha rangi cha Munsell kama unacho. Kama huna, weka madonge ya matabaka yote kwenye karatasi nyeupe sambamba. Na tafadhali, weusi wa mbuga usiuchukue kuwa mboji nyingi. Mboji yake mara nyingi ni asilimia 1 hadi 2 tu. Imeshikana sana na smektaiti, ndiyo maana inapaka rangi kiasi hicho. Watu wameuziwa mbuga kama udongo wa bustani kwa sababu ya rangi.

Halafu vidole. Chukua udongo wa kujaza kiganja, ondoa changarawe, nyunyizia maji na ukande dakika moja au mbili hadi uwe kama unga wa chapati. Usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni kidogo. Kati ya 2.5 na 5, wa kati. Ukizidi 5 bila kukatika, ni mfinyanzi mtupu. Kosa la kawaida ni kukanda kwa haraka: madonge madogo ya mfinyanzi mkavu hujifanya mchanga mpaka yalowe kabisa.

Katika mbuga tafuta kitu kimoja kwa bidii: nyuso zinazong'aa zilizolala kwa mwinamo ndani ya tabaka, zenye mikwaruzo kama zimesuguliwa. Vunja donge kubwa kwa mikono, usilikate kwa kisu, litafunguka lenyewe kwenye nyuso hizo. Hizo ni alama za udongo kuvimba na kujisukuma wenyewe mwaka baada ya mwaka. Ukiziona, huhitaji maabara ikuambie kwamba udongo unatembea. Maabara itakuambia kwa kiasi gani. Pima zinaanzia kina gani na kukoma wapi.

Mwisho, vinundu vyeupe vya chokaa. Mwagia tone la asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10. Kikitoa povu, ni kalisiamu kaboneti. Unapoichanganya, asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Siki au ndimu pia hufanya kazi, ila kisage kinundu kiwe unga kwanza na usogeze sikio: povu la siki ni dogo, huenda ukalisikia kabla ya kuliona.

#5 Kokoto Nane

Dada Mpima ubarikiwe. Tuelekeze na vipimo vya nyumbani kwa tusio na maabara karibu. Ile ya chupa inatosha?

#6 Dada Mpima

Chupa inakupa kiasi, haikupi aina. Ichukulie hivyo na itakusaidia.

Twanga udongo mkavu bila kuponda mchanga wenyewe, pitisha kwenye chekeche la milimita 2, jaza theluthi moja ya chupa ya lita 1 iliyo nyooka. Ongeza maji hadi karibu na shingo na kijiko cha chai cha sabuni ya unga ya kufulia. Usiweke chumvi, kama wengine wanavyoelekeza: chumvi hukusanya punje za mfinyanzi na zitazama mapema kama silti (punje ndogo kuliko mchanga, kubwa kuliko mfinyanzi). Tikisa dakika 5, acha usiku kucha, tikisa tena dakika 5, weka mezani usiiguse. Weka alama baada ya sekunde 40: huo ni mchanga. Mstari wa pili baada ya saa 2: hapo silti imeshatua kwa sehemu kubwa. Mfinyanzi ni kilichobaki, na huchukua siku. Sababu ni kwamba punje ya milimita 0.002 huhitaji karibu saa 8 kuzama sentimita 10 tu kwenye maji ya nyuzi 20. Maji ya moto zaidi ni mepesi na punje huzama haraka, hivyo weka chupa ndani, mbali na jua. Tabaka la mfinyanzi kwenye chupa huwa limevimba; linaonyesha zaidi ya uhalisia, hasa kwa mbuga.

Kipimo cha kuvimba ndicho cha maana zaidi. Unahitaji silinda mbili za kupimia za mililita 100, maji safi, na mafuta ya taa. Kausha udongo, twanga, pitisha kwenye chekeche la milimita 0.425. Pima gramu 10 mara mbili. Gramu 10 za kwanza mimina polepole kwenye silinda ya maji, za pili kwenye silinda ya mafuta ya taa. Koroga kutoa hewa na uache saa 24. Mafuta ya taa hayaingii kwenye vitabaka vya smektaiti, kwa hiyo udongo humo haukui. Soma ujazo wa udongo kwenye silinda zote mbili. Mfano: kwenye maji mililita 19, kwenye mafuta mililita 11. Tofauti ni 8. Gawa kwa 11, unapata asilimia 73. Chini ya 50 mara chache huleta madhara makubwa. Kati ya 50 na 100 panga msingi kwa tahadhari. Ukivuka 100 usijenge bila mhandisi.

Kipimo kinachoharibika hapa huharibika kwa sababu mbili: udongo haukukauka sawasawa, au umemiminwa wote kwa mkupuo ukafunga hewa chini.

Cha tatu ni cha donge. Chukua donge lenye ukubwa wa punje ya mahindi, lenye unyevu wake wa asili, liweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mvuke. Usitumie maji ya bomba wala ya kisima: yana chumvi, na chumvi huzuia kile unachotafuta. Soma baada ya dakika 10. Donge kubomoka tu si tatizo. Likitoa wingu linalotambaa chini ya glasi kama moshi wa maziwa, udongo una sodiamu nyingi na hutawanyika. Udongo wa namna hiyo hutobolewa na maji kwa chini, shimo likikua hufunguka korongo. Usijengee bwawa bila kuutibu.

#7 Fundi Lenta

Sasa msingi. Nitasema jambo ambalo mafundi wenzangu wengi hawalikubali: kuchimba mbuga na kujaza moramu (udongo wa changarawe) kunaweza kuharibu zaidi.

Moramu inapitisha maji, mbuga haipitishi. Ukichimba shimo la mita 1 ndani ya mbuga na kulijaza moramu, umetengeneza bakuli. Mvua ya Januari inaingia, inakaa chini ya nyumba, na mbuga iliyobaki chini inavimba kuliko ambavyo ingevimba ungeiacha. Kama unabadilisha udongo, badilisha hadi chini ya kina cha nyufa ulichokipima shimoni, shindilia kwa matabaka ya sentimita 15 (si 30, kishindilia cha mkono hakifiki huko), tumia moramu yenye mfinyanzi mpole wa kuifunga, na sakafu ya shimo ielekee upande mmoja maji yapate pa kutokea.

Kwa nini nyumba ya chini ndiyo hupasuka kuliko ghorofa? Hesabu ni hii. Ukuta wa tofali za inchi 6 wenye kimo cha mita 3, pamoja na paa la bati, huleta karibu kilonyutoni 12 hadi 15 kwa kila mita. Gawa kwa msingi wa upana wa sentimita 60: kilopaskali 20 hadi 25. Shinikizo la mbuga inayovimba linaweza kuzidi kilopaskali 100. Nyumba ni nyepesi mno kuuzuia udongo, kwa hiyo inanyanyuliwa.

Na ufa unasema ukisikilizwa. Ufa wa mshazari mpana juu, mwembamba chini: katikati ya nyumba imepanda, maana chini ya jamvi (zege la sakafu) unyevu haupati pa kutokea na unajikusanya mwaka hadi mwaka. Mpana chini, mwembamba juu: kingo zimepanda, tafuta bomba linalovuja, karo lililo karibu, au maji ya paa yanayomwagika ukutani. Kabla ya kuziba ufa wowote zuia maji kwanza. Zege la pembeni ya nyumba lenye upana wa mita 1.2 hadi 1.5, lililoinama kwenda nje, linaokoa nyumba nyingi kuliko nondo za ziada. Karo liende upande wa chini wa mteremko, mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Mti mkubwa nao usiwe karibu kuliko urefu wake utakaofikia.

#8 Kokoto Nane

Mkuu Fundi, na chokaa je? Nasikia wanachanganya na mbuga inatulia. Kwa eneo la mita 10 kwa 10 ni mifuko mingapi?

#9 Fundi Lenta

Inatulia ikifanywa kwa utaratibu. Kalisiamu ya chokaa huchukua nafasi ya sodiamu kwenye mfinyanzi, punje zinashikana na udongo unakuwa wa kuvunjika badala ya kunata. Hiyo hutokea ndani ya saa chache. Nguvu halisi huja baadaye, kwa wiki, iwapo chokaa ni ya kutosha kuufanya udongo uwe wa alkali kali, pH 12.4. Maabara hupima hivyo: huchanganya udongo na asilimia 2, 3, 4, 5, 6 za chokaa na kuchagua ya chini inayofikisha 12.4.

Tuseme imetoka 5. Mita 10 kwa 10 kwa unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 15. Mbuga kavu iliyoshindiliwa tuiweke tani 1.4 kwa mita ya ujazo: tani 21. Asilimia 5 yake ni kilo 1,050, yaani mifuko 42 ya kilo 25. Na hilo ni tabaka moja tu.

Chokaa iwe iliyozimwa na mpya. Iliyokaa stoo mfuko umefunguliwa imeshavuta hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe la unga. Utaimwaga na haitafanya kitu. Mwagia juu ya udongo uliosagwa, changanya, nyunyizia maji, funika siku moja hadi mbili, changanya tena hadi madonge makubwa yaishe, ndipo ushindilie. Vaa miwani na glavu, inaunguza macho.

#10 Bonde la Bubu

Naomba nimkatishe Fundi hapo kabla watu hawajaenda dukani. Ukanda wa Bahi, Manyoni hadi Itigi una jasi kwenye udongo. Jasi ni salfeti. Chokaa ikikutana na salfeti na mfinyanzi kwenye unyevu, huzaliwa fuwele mpya zinazochukua nafasi kubwa sana, na tabaka ulilolitibu linavimba kuliko mwanzo. Ukiona shimoni fuwele zinazong'aa kama vipande vya kioo, laini kiasi cha kukwaruzwa na ukucha na zisizotoa povu kwa asidi, simama. Pima salfeti kwanza.

#11 Fundi Lenta

Nakubali kabisa mkuu Bonde. Kwa huko nilichoandika kisitumike bila kipimo hicho.

#12 Bonde la Bubu

Nikiwa hapa, niongeze kuhusu historia iliyomo ndani ya shimo, maana mnaipita kama takataka.

Vile vinundu vya chokaa alivyovitaja Dada Mpima vinaota pale ambapo mvua inatosha kuyeyusha kalisiamu lakini haitoshi kuiondoa. Dodoma yenye mvua ya karibu milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, ndiyo mazingira yake. Vikiungana kuwa bamba gumu linaloshinda sululu, hiyo ni kalkriti. Kila kinundu kimefungia kaboni ya mimea iliyokuwa ikiota juu yake. Nyasi za nchi za joto na miti hutofautiana katika uwiano wa kaboni-13 (kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida) kwa karibu sehemu 14 kwa elfu, hivyo maabara inaweza kusema kama mahali hapo palikuwa mbuga ya nyasi au kichaka. Kwa kazi hiyo chukua vinundu kutoka kina cha sentimita 50 au zaidi, vilivyo vigumu kote, na uandike kina. Vya juu huchafuliwa na hewa ya leo. Tahadhari ya umri: ukipima kinundu kwa kaboni-14 kinaweza kutoa umri mkubwa kuliko wake, kwa kuwa chokaa ya zamani huyeyuka na kujengeka upya ndani yake.

Kule Bahi mto Bubu unamwaga maji kwenye bonde lisilo na njia ya kwenda baharini. Maji yanakauka, chumvi zinabaki. Urani iliyooshwa kutoka kwenye granaiti husafiri ikiwa imeshikana na kaboneti, na ikikutana na vanadi na potasiamu kwenye kalkriti huganda kuwa kanotaiti, madini ya manjano. Ndiyo asili ya urani inayotajwa Bahi na Manyoni. Ukiona unga wa manjano mkali kwenye nyufa za kalkriti usiuonje na usiupeleke nyumbani.

Kaskazini, Kondoa, matabaka ya udongo ulioshuka kutoka vilima vya Irangi yamepimwa umri kwa mwanga uliohifadhiwa kwenye punje za kwatzi tangu zilipofukiwa. Mmomonyoko wa kwanza ulitokea mwishoni mwa zama za barafu, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, kabla ya ng'ombe na jembe. Mwingine mkubwa ulikuja baadaye sana, binadamu akiwepo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa eneo lililoharibika zaidi la Kondoa. Mabwawa ya Ikowa, Msalato na Matumbulu nayo yalichunguzwa kabla ya hapo na mtafiti Anders Rapp na wenzake kupima tope lililokuwa likiyajaza.

Kuchukua sampuli ya kipimo hicho cha mwanga: bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 5, urefu 20 hadi 30, lipigwe nyundo kwa mlalo kwenye uso uliotoka kusafishwa, mdomo wa nje ukiwa umezibwa mwanga usiingie. Likijaa, chomoa na ziba upande wa pili papo hapo kwa kitambaa cheusi na utepe wa gundi. Bomba ambalo halikujaa ni bure, maana punje hutikisika na zilizopata mwanga huchanganyika na zisizopata. Chukua na udongo wa pembeni, gramu 500, kwa ajili ya unyevu na mionzi ya asili.

#13 Kokoto Nane

Na maji ya kisima yako wapi kwenye mnyororo huu?

#14 Mteremko

Chini ya udongo, kwenye granaiti iliyooza nusu. Ukitoboa unapita udongo, kisha mfinyanzi wa kuoza, kisha tabaka la changarawe la granaiti iliyolegea, kisha mwamba wenye nyufa. Maji mazuri hukaa tabaka la changarawe na nyufa za juu za mwamba. Wanaosimamisha mashine kwenye mfinyanzi wa kuoza hupata maji kidogo, na wanaoendelea mita nyingi ndani ya mwamba mzima wanalipia vumbi.

Bonde la Makutupora, linalolipa jiji maji, lina kumbukumbu ya kina cha maji ya miaka 55, na mwaka 2013 mtafiti Taylor na wenzake walionyesha kwamba maji hayo hayajazwi kidogo kidogo kila masika. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, hasa ya El Niño, na kubwa kuliko zote ilikuwa 1997 hadi 1998. Kwa hiyo kisima kilichojaa mwaka huu kinaweza kuwa kinakupa mvua ya miaka mingi iliyopita.

Na kabla ya yote haya pitia Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma, ukaangalie ramani ya miamba (zimekatwa vipande vya robo digrii) ya eneo lako. Ukivuka kwenda Kongwa na Mpwapwa mwamba unabadilika, unaingia mkanda wa miamba wa Usagara wenye karibu miaka bilioni 2, na udongo hubadilika nao. Kilima cha Mautia pale Kongwa ndicho mahali yoderaiti, madini ya zambarau, yalipoelezwa kwa mara ya kwanza duniani, mwaka 1959. Mwamba wa namna hiyo hauwezi kuzaa udongo sawa na granaiti ya mjini.

#15 Tifutifu

Kwa upande wa zabibu fupi tu: mteremko wa kati, kichanga kilicholala juu ya tabaka lenye mfinyanzi kidogo, ndipo mizizi inapopumua. Ukikuta kina cha sentimita 60 hadi 80 kuna madoa ya kijivu na kutu yaliyochanganyika, maji hutuama hapo masika hata kama leo pamekauka. Usipande bila mfereji.

Halafu vichuguu. Mchwa hupandisha mfinyanzi na chokaa kutoka chini, ndiyo maana tofali za kichuguu hushikana vizuri. Usichukue sampuli ya kiwanja juu ya kichuguu wala karibu yake, itakuonyesha udongo wa mita kadhaa chini kana kwamba ni wa juu. Na kikiwa ndani ya ramani ya nyumba, kisawazishe hadi chini ya njia zake zote. Kusawazisha kilele tu huacha mapango chini ya jamvi.

#16 Kokoto Nane

Mwisho kabisa wakuu: nikipeleka maabara nibebe kiasi gani na niombe nini?

#17 Dada Mpima

Kila tabaka kilo 5 kwa vipimo vya ujenzi, kilo 1 inatosha kwa kilimo. Usichanganye matabaka. Mfuko mzito wa plastiki, ndani yake mwingine, na karatasi ya jina iwe katikati ya mifuko miwili, imeandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwa unyevu. Andika namba ya shimo, kina cha kuanzia na kuishia, tarehe. Usikaushe juu ya jiko: joto kali hubadilisha jasi na baadhi ya mifinyanzi, na majibu hayatakuwa ya udongo wako. Kivulini kwenye turubai, siku tatu hadi nne.

Omba mchujo wa punje, kikomo cha utepetevu (unyevu ambao udongo huanza kutiririka) na cha ufinyangikaji (unyevu ambao huanza kukatika ukifinyangwa), na msinyao wa mstari. Kwa huo wa mwisho tope hujazwa kwenye kibati cha urefu wa milimita 140, hukaushwa, hupimwa tena. Likitoka 123, limepungua 17, yaani asilimia 12.1. Ukizidi 8 ni udongo wa hatari kwa nyumba nyepesi. Kwa Bahi na Itigi ongeza salfeti, kama alivyosema Bonde la Bubu. Kwa shamba omba pH, chumvi na sodiamu. Na kila jibu likirudi, liandike kwenye mchoro wa kiwanja pale shimo lilipokuwa, ukionyesha upande wa juu na wa chini.